Kikombe cha Lwakhakha

Rais Kemboi alimwita kukhu wangu "Dada Nangila", na damu yangu ikaanza kuchemka kabla hajauliza swali la kwanza. Mwanamke wa miaka themanini na moja, aliyemzaa baba yangu, anaitwa dada na mtu wa miaka arobaini na mitano aliyefunga tai. Najua ndiyo desturi ya kanisa letu, kwamba sote ni ndugu na dada. Lakini maandiko ninayosoma mimi yanasema mwenye mvi asimamiwe, na Kemboi hakuinuka kwenye kiti.

"Karibu ndani, Dada Nangila. Ndugu Wekoye, wewe ngoja hapo nje."

Nikangoja kwenye benchi, pale kanisani kwetu Kitale, nikiwa bado na harufu ya chuma mikononi. Kazi yangu ni kuchomelea mageti. Siku hiyo nilifunga karakana mapema ili nimsindikize kukhu, aliyekuwa ametoka Cheptais tangu alfajiri kwa ajili ya karatasi moja tu.

Karatasi yenyewe ni cheti cha hekalu. Sisi ambao watu huku wanatuita Wamormoni hatuingii hekaluni bila cheti hicho, na sharti kisainiwe na viongozi wawili baada ya mahojiano. Rais wa tawi lake, kule Bungoma, alikuwa ameshasaini. Alibaki Kemboi, rais wa wilaya ya kanisa. Basi la kwenda hekalu la Nairobi lingeondoka Jumatano, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Huko hekaluni kukhu alitaka kuunganishwa na mzee wake, babu yangu, kuka Wakoli, aliyefariki miaka kumi na minne iliyopita. Kuunganishwa milele, si mpaka kifo. Mimi ningesimama mahali pa kuka, kwa kuwa cheti changu kilishatoka. Daktari alikuwa amemwambia kukhu kwamba moyo wake umechoka, asipange mambo ya mwaka kesho. Naye akaniambia, "Wekoye, nimebakisha hii moja tu. Nikiimaliza, waniite saa yoyote."

Baada ya robo saa mlango ukafunguka.

"Ndugu Wekoye, ingia. Hii maneno inakuhusu."

Kukhu alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja, kitambaa cheupe kichwani. Karatasi ilikuwa mezani bila saini. Kemboi alikuwa ameshika simu yake.

"Si ni wewe uliandika hii?" akauliza, halafu akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea:

*Nangila kikombe shika, cha watoto wa mwenzako,*
*Kunywa chai bila shaka, ipite kooni mwako,*
*Uhasama umezika, kwa hayo machozi yako,*
*Lwakhakha imetamka, hakuna wa sifa zako.*

Ni mimi niliyeandika. Ubeti huo nimeupima kwa vidole, mizani kumi na sita kila mshororo, na hakuna mwalimu aliyenifundisha. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeutuma kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa, Kitale na Bungoma, kwa sababu ulikuwa mzuri na nilitaka wauone. Nikapewa makofi mengi ya zile picha ndogo. Haikunijia hata kidogo kwamba nilikuwa natuma ushahidi.

"Ni wangu," nikasema. "Na umeusoma vibaya."

"Sijakuita hapa mashindano ya mashairi. Nimemuuliza Dada Nangila kama anashika Neno la Hekima, akaniambia ndiyo. Nikamwonyesha hii. Sasa anakubali alikunywa chai." Neno la Hekima ndiyo sheria yetu ya afya: hakuna pombe, tumbaku, chai wala kahawa.

"Nilikunywa," kukhu akasema. "Kikombe kimoja. Kwa matanga ya Phelista."

Phelista alikuwa mke wa pili wa kuka, akiishi Lwakhakha, mpakani. Kwa miaka thelathini wake hao wawili hawakuzungumza. Hata kwenye mazishi ya kuka walikaa pande mbili za jeneza kama watu wa kesi. Basi Phelista alipokufa ghafla, midomo ilianza: mke mkubwa huyo, ana mkono mrefu, ndiye aliyemlisha sumu. Kukhu akafunga kitambaa chake, akaenda. Baada ya kuzika, binti mkubwa wa marehemu, Nakhungu, akamletea kikombe cha chai ya maziwa mbele ya ukoo mzima. Kwetu, mtu akikataa kikombe cha matanga katika nyumba kama hiyo, amesema moja kati ya mawili: anaogopa sumu, au yeye ndiye aliyeileta. Kukhu, aliyekuwa hajaonja chai tangu abatizwe miaka tisa iliyopita, akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Nakhungu akaanguka magotini pake akilia. Nilikuwepo, nikaona, nikaandika usiku uleule.

"Rais," nikasema, "wewe ni Mkalenjin, lakini matanga unayajua. Ungefanya nini?"

"Ningeomba maji."

"Maji! Ungeomba maji mbele ya watu wanaosema umeua mama yao?"

"Neno la Hekima halina matanga, Ndugu Wekoye. Chai ni chai."

"Haya, nionyeshe. Fungua ufunuo wenyewe, unitafutie hilo neno chai." Kitabu nilikuwa nacho, jalada limechakaa kwa vidole vyangu, na sijakiacha tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Nikakisukuma mezani. "Hapo pameandikwa vinywaji vya moto. Uji wa wimbi unachoma ulimi kuliko chai, na wewe mwenyewe nimekuona ukiunywa. Halafu soma mstari wa pili. Bwana mwenyewe anasema haleti neno hili kwa amri wala kwa kulazimisha watu. Anasema ni salamu. Ni nani aliyegeuza salamu kuwa kufuli?"

"Manabii walifafanua."

"Walifafanua wapi, Lwakhakha?"

"Punguza sauti. Hii ni nyumba ya Bwana."

"Ndiyo maana naongea. Kahawa je? Kukhu analima kahawa kule mlimani. Miaka tisa zaka yake inatoka kwa kahawa. Zaka haina harufu, ni kikombe tu ndicho kichafu? Hata hii tai yako, ati bila tai na shati jeupe kijana hagawi mkate wa sakramenti. Mitume walivaa tai? Yesu alivunja mkate na wavuvi, bana!"

Sikujuta neno hata moja. Mimi sinywi chai. Sijaigusa kwa miaka tisa, na si kwa sababu ya Kemboi. Nilisoma mwenyewe, nikapiga magoti mwenyewe, nikajibiwa. Kwa hiyo hakuna wa kuniambia ninapigania koo langu. Nilikuwa napigana na watu wanaokuta mstari mmoja kitabuni, wanaongeza yao kumi juu yake, halafu wanasimama mlangoni na zile kumi.

Kemboi alifunga kitabu changu taratibu, akanirudishia.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Wekoye," kukhu akasema. "Kaa chini."

Nikakaa.

Kemboi akasugua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana mchovu badala ya mkubwa. "Dada Nangila, mimi si adui yako. Kwa utaratibu, ningesema tungoje miezi sita, halafu turudi hapa tuongee tena."

"Miezi sita sina," kukhu akajibu, kama mtu anayesema hana chumvi nyumbani.

"Najua. Rais wa tawi lako aliniambia habari ya moyo." Akanigeukia. "Shida ni hii shairi. Imesomwa na vijana wote, Kitale mpaka Bungoma. Nikisaini, kesho kila mmoja ataniuliza mbona yeye alingojeshwa. Lakini mashairi si huwa na chumvi? Wewe andika kwa kundi, useme ulikuwa unatunga tu. Sema nyanya yako alishika kikombe kwa heshima, hakunywa. Mistari miwili. Mimi nasaini saa hii, na Jumatano mnaingia basi."

Hiyo ndiyo haki yake! Dakika kumi alikuwa ananihubiria kikombe, na sasa ananikodi nidanganye. Nilitaka kumrushia kitabu. Lakini nilimtazama kukhu, nikaona vifundo vya miguu yake vilivyovimba juu ya viatu, nikaona karatasi na ile nafasi tupu chini yake. Mimi ndiye niliyemwingiza hapo, kwa kutaka makofi. Nikatoa simu.

Nilianza kuandika. *Ndugu na dada, lile shairi langu la Lwakhakha lilikuwa utunzi tu.* Vidole vilikuwa vizito. Katika maisha yangu nimeshaitwa mkaidi, mjeuri, kichwa ngumu. Mwongo bado.

"Unaandika nini?" kukhu akauliza.

"Kwamba hukunywa."

"Nani atasoma?"

"Vijana wa kanisa tu, Dada Nangila," Kemboi akasema haraka.

"Kuna kijana wa Lwakhakha hapo?"

Kemboi akanitazama. Mimi nilijua. Yuko Ian, mtoto wa dada yake Phelista, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia makofi.

"Yuko mmoja," nikasema.

"Basi jioni Nakhungu atasikia sikunywa. Atasikia niliweka mdomo tu, nikamwaga chini ya kiti. Yule mtoto aliniangukia magotini. Atajua nilimdanganya juu ya kaburi la mama yake." Akainuka kwa shida, akishikilia meza. Nilimpa mkono, akaukataa. "Futa, Wekoye."

"Kukhu, basi ni Jumatano."

"Nimesema futa."

Nikafuta.

"Dada Nangila, fikiria vizuri," Kemboi akasema, na sasa ni yeye aliyekuwa akibembeleza. "Hii ni mambo ya milele. Ni mume wako."

"Wakoli alikuwa mume wangu na wa Phelista. Nikienda kwake na hiyo karatasi yako, atauliza watoto wa yule mwingine niliwaachaje." Akaigusa karatasi kwa kidole kimoja, akaisukuma upande wake. "Wewe uliniuliza, nami nikakujibu vibaya mara ya kwanza, kwa sababu niliogopa. Hiyo ndiyo ninatubu. Chai sitatubu. Andika hapo: Nangila alikunywa. Andika nikiona."

"Si lazima niandike..."

"Andika."

Kemboi alichukua kalamu. Aliandika polepole, masikio yakiwa mekundu kwa ndani kama ya mtoto aliyepigwa, na kukhu, asiyejua kusoma, aliitazama ile mikwaruzo mpaka ya mwisho.

Nje nilimwambia hatutakanyaga tena pale. Nilisema kesho nitapeleka cheti changu kikachomwe na takataka za soko. Alinisikiliza mpaka lango, akiegemea bega langu, halafu akasema, "Ukitoka wewe, nani atanisomea? Kitabu si cha Kemboi."

Kwa hiyo Jumapili tulikuwepo. Alikuwa amelala kwangu, na nilimketisha safu ya mbele kabisa. Sikuvaa tai. Mkate ulipopita, mgawaji alinitazama kifua, akasita. Nikanyoosha mkono nikachukua wangu, nikamshikia kukhu sahani achukue wake. Baada ya ibada Kemboi alishuka kusalimia watu. Alipofika kwetu aliinama, akamshika kukhu mkono kwa mikono miwili, akamwita mama. Kukhu akaitika.

Halafu akanyoosha mkono kwangu. Wangu ulikuwa umeshika kitabu, na sikukiweka chini.