Moshi wa Nyotamkia

Mimi sikwenda Voi kushiriki mashindano ya sayansi. Nilikwenda kushinda, na niliwaambia hivyo wenzangu wote, wapende wasipende. Mshindi angepelekwa Mombasa kuwakilisha kaunti, na safari hiyo nilikuwa nimeitamani hadi naiota.

Nilikuwa nimetengeneza nyotamkia. Watu wengi hudhani ni moto, kumbe ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi. Jua likiipasha, barafu inageuka mvuke, vumbi linapeperuka nao, na huo ndio mkia. Yangu niliigandisha kwenye friza ya duka kwetu Kasigau: maji, makaa yaliyosagwa, na vumbi nililochota haraka haraka kwenye ndoo nyuma ya jikoni, giza likiingia. Jiko la makaa ndilo lingekuwa jua.

Mwamuzi, Mwalimu Wanyonyi, aliinama kutazama. Nikaiweka nyotamkia kwenye wavu juu ya jiko. Mvuke ukapanda vizuri, roho yangu ikatulia. Kisha matone ya tope yakaanza kudondokea makaa.

Alianza kukohoa mwamuzi. Ikafuata meza ya pili, ya tatu, mwishowe ukumbi mzima ukamwagika nje, watu wakifuta machozi na kupiga chafya. Harufu ile niliijua mara moja. Mama husaga pilipili, akaichanganya na mavi makavu ya ndovu, akafinyanga matofali ya kuchoma kando ya shamba ili ndovu wasikaribie mahindi yetu. Nilikuwa nimechota kwenye ndoo yake! Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mwalimu Wanyonyi alinifuata uani, macho mekundu.

"Wewe Valentine, umetuwekea nini humo?"

Ningesema ni vumbi tu, asingejua. Lakini mimi si mtu wa kujificha.

"Barafu, makaa, mavi ya ndovu na pilipili, Mwalimu. Nilikosea ndoo, nikachota ya Mama."

"Na umejua saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mwalimu. Moshi ndio umeniambia. Hata wanasayansi, nyotamkia nyingi hawajawahi kuzigusa. Wanachunguza mwanga wa gesi zinazotoka, wanajua ndani kuna nini."

Aliwatazama watu waliokuwa bado wanapenga kamasi. Akapenga zake pia.

"Mombasa kuna joto sana," akasema. "Hiyo barafu utaifikishaje?"

"Hiyo niachie mimi, Mwalimu."