Neno Lisilotolewa kwa Mikayi

"Dawa imeishia kwenye ini tena," nilimwambia Mama, nimechuchumaa kando ya omena zake, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, Muhuru Bay, shahada yangu ya uzamivu haifai hata kufukuzia nzi.

Nilikuwa natoka Homa Bay, wodini, ambako ndugu yangu Levi alikuwa ameongezewa damu mara ya tano mwaka huo. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilikuwa inammaliza. Dawa tuliyokuwa tukiitengeneza ilikuwa ujumbe wa mRNA, maagizo ya kurekebisha damu, uliofungwa ndani ya kitone cha mafuta. Ulitakiwa usomwe kwenye uboho wa mifupa tu. Ini lilikuwa likiudaka njiani, likiusoma, likiumia. Mosoti, mkuu wa maabara, alikuwa amenipa miezi mitatu. Baada ya hapo, mradi ufungwe.

Nilimweleza Mama tulivyohangaika kukizuia kitone kisiingie kwenye ini. Miaka minne, jamani.

Mama akacheka. Yeye ni nyachira, mke wa pili. Nyumba ya mikayi, mke mkubwa, ndiyo inayotazamana na lango la boma letu, na kila mgeni huanzia hapo.

"Nyathina, mwanangu, mgeni utamzuiaje asiingie kwa mikayi? Hiyo ni vita. Watu wa kwetu nilikozaliwa walikuwa wanaingia kwake, wanasalimu, wanakunywa chai. Lakini neno lililowaleta hawakulitoa pale. Walikuja kulitoa kwangu."

Nilijiona mjinga wa kutupwa. Seli za ini zimejaa kipande kidogo cha RNA ambacho kwenye uboho ni adimu, na kipande hicho huzima ujumbe wowote wenye alama yake. Nilikisoma chuoni. Nikakipuuza kwa kiburi cha kujenga milango ya kukizuia kitone.

Nikarudi maabara, nikautia ujumbe wetu ile alama. Wiki ya kumi, panya wa kwanza: ini giza tupu, mifupa inang'aa kijani pale ujumbe uliposomwa. Mosoti, ambaye kutabasamu kwake ni kwa nadra, alinishika mkono akasahau kuuachilia. Nililia mbele yake, na sikuona haya.

Miaka michache baadaye, majaribio ya binadamu yalipoanza, Levi alikuwa mgonjwa wa tisa.

Julai hii nilimkuta Mama ufukweni asubuhi mapema, taulo mkononi. Levi alikuwa ziwani na wenzake, maji yamemfika kifuani. Maji baridi kama yale ndiyo yaliyokuwa yakimrudisha wodini tangu utotoni. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanitupia lile taulo begani, akaenda zake nyumbani, bila kumwita atoke.