Kichwa Kwenye Kona ya Tatu

Kwa miaka mitano Thure Lindqvist alikuwa fundi mkuu wa uwanja wa Kettle Run, na kwa miaka yote hiyo hakuona mbio hata moja. Alizisikia tu. Kazi yake ilikuwa chini, katikati ya nguzo na boriti, shingo imepinda, macho juu, huku magari yakipita utosini pake kwa mwendo ambao mtu mwenye akili timamu hauthubutu.

Barabara ya mbio ilikuwa ya mbao tupu. Zilisimamishwa kwa ubavu, zikapigiliwa misumari moja kwa nyingine, maili moja na robo kwa mzunguko, na kwenye kona ziliinuka kama paa la ghala. Wenye uwanja waliujenga kwa wiki kumi na hawakupaka hata tone la lami. Mvua ya Pennsylvania ikanyesha, theluji ikalala, jua likachoma. Kufikia kiangazi cha 1926 uwanja ulikuwa umeoza, na kila mtu alijua, na kila Jumamosi ya mbio watu elfu thelathini walivaa kofia zao za majani wakaja kuketi.

Mbao zilichomoka katikati ya mbio, na mbio hazikusimama kwa ajili ya ubao. Mafundi walikaa chini na misumeno na nyundo, wakaziba matundu kwa chini magari yakiendelea kupita. Mara nyingine fundi alilazimika kutoa kichwa kwenye tundu ili aone alipofikia. Madereva walizoea. Walisema ukiona kichwa barabarani, pitia kushoto, na ukiona viwili, acha pombe.

Thure ndiye aliyemfundisha mkwewe, Wendell Kropp, siri ya kuendesha Kettle Run. Ilikuwa mwaka wa kwanza, Wendell akiwa bado anamchumbia Elna, binti pekee wa Thure. "Fuata mbao nyeupe," alimwambia. "Nyeupe ni mpya. Mimi nimezipigilia kwa mkono wangu." Yalikuwa maneno ya kweli wakati ule, maana chini ya mbao boriti zilikuwa nzima. Wendell akayafuata, akashinda mara nne, akamwoa Elna.

Alhamisi moja ya kiangazi hicho, siku mbili kabla ya mbio, Thure alikwenda kwa Bwana Stockdale, msimamizi wa uwanja, akiwa na kipande cha boriti ya kona ya tatu kwenye kiganja. Kilikuwa kinameguka kama keki.

"Nahitaji boriti sita," alisema.

"Nitakupa mbao arobaini."

"Mbao zitashikwa na nini, bwana?"

"Lindqvist, watu wanaona mbao. Nani aliwahi kulipa kiingilio aone boriti?"

Angeweza kukataa. Angeweza kutupa nyundo pale pale mezani akaenda zake. Lakini alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, magoti yamekwisha, na alikuwa ameshabishana na Stockdale kuhusu kona ya kwanza, na ya pili, na ngazi za jukwaani, na kote huko alishindwa. Kuchoka kuna hatari yake, hasa kwa mtu mwema. Alizichukua mbao arobaini. Akazipigilia juu ya boriti mbovu, akajiambia kiraka chenyewe kiko juu sana, karibu na ukingo, dereva gani atapita huko? Alipofika msumari wa tatu alijua kwamba anajidanganya. Akaendelea na wa nne.

Jumamosi mbio zilikuwa mizunguko mia moja na sitini. Hadi wa mia na thelathini na nane hapakuwa na neno. Thure na mwenzake Amos Tuttle waliziba matundu mawili kwenye kona ya pili, wakanywa maji, wakahamia ya tatu.

"Msweden, leo hata hujalaani," Amos alisema. "Unaumwa?"

"Nimechoka."

"Umechoka tangu nikujue. Nilidhani ndiyo sura yako."

Hapo gari moja likapita juu kabisa, juu ya kiraka. Thure alilitambua kabla halijamaliza kona, maana injini ya Wendell ilikuwa na kikohozi chake kila alipopunguza moto. Vumbi la mbao likamwagika kama unga. Boriti ikalia.

Mzunguko uliofuata, tena juu. Wendell alikuwa wa pili, anamtafuta wa kwanza, na alikuwa ameona mbao nyeupe.

Thure alipanda ngazi, akachomeka patasi kwenye boriti. Ikazama mpaka kwenye mpini. Katikati ya boriti ulikuwa umefunguka ufa, na kila gari lilipopita ulipanuka, ukafunga, ukapanuka. Akaegemeza gogo chini yake. Gogo likaingia kwenye ule uozo kama kidole kwenye siagi.

"Amos! Kimbia mnarani kwa waamuzi. Waambie wasimamishe mbio. Mwambie Stockdale kona ya tatu inaanguka!"

Amos hakufanya mzaha. Alikimbia, mzee wa miaka hamsini na minane, akikwepa nguzo. Thure akabaki akihesabu. Wendell alipita juu mara ya tatu, ya nne, mpaka ya saba. Kila mara Thure alishika boriti kwa mikono miwili, jambo la kipumbavu kabisa, kana kwamba mikono yake ingezuia gari.

Amos alirudi akihema.

"Kasema imebaki mizunguko kumi na minane."

"Na?"

"Na kasema ilikaa miaka mitano, itakaa dakika kumi na mbili. Watu wamesimama kwenye viti, Thure. Hanisikilizi, ananitazama tu kama chupa tupu."

Pembeni mwa kiraka, upande wa chini, palikuwa na ubao wa zamani uliokwisha kulegea. Thure aliusubiri msafara wa magari upite, akaupiga kwa nyundo, ukaruka. Akapiga wa pili, na wa tatu.

"Unafanya nini?" Amos akapiga kelele. "Wewe! Unafanya nini?"

"Natoa kichwa."

"Kuangalia nini?"

"Siangalii kitu."

Akapanda ngazi vidato viwili vya mwisho, akatokeza kichwa na mabega kwenye jua.

Kwa mara ya kwanza aliuona uwanja wake kwa juu wakati wa mbio, na ulikuwa mzuri, jambo lililomuudhi. Kisha yakaja. Hakuona magari, aliona rangi, halafu upepo ukamzaba kofi, na vibanzi vya mbao vikamchoma kwenye paji la uso. Mafuta ya moto yakamrukia mdomoni. Wendell alikuwa katikati ya lile kundi, amepanda juu, anakuja moja kwa moja kwenye mbao nyeupe. Akaona kichwa. Gari likayumba, likashuka kushoto, likapoteza nafasi moja, kisha mbili. Likapita mkono mmoja tu kutoka sikio la Thure.

Hakushuka. Kila mzunguko yalikuja, na kila mzunguko yalimkwepa kwa upande wa chini, ambako boriti zilikuwa na uzima kidogo. Damu ilimwingia jicho moja, akalifumba. Akaweka kidevu kwenye ubao. Alikuwa amechoka kiasi kwamba, Mungu amsamehe, karibu na mwisho alianza kusinzia, na Amos chini amemkumbatia miguu akilia na kumtukana.

Mbio zilipokwisha Wendell alimaliza wa nne. Alikuja kwa mguu mpaka chini ya kona ya tatu, uso mweusi kwa mafuta, miwani shingoni.

"Baba, una wazimu? Nilikuwa namshika! Mzunguko mmoja tu, nilikuwa namshika! Fundi gani anakaa na kichwa nje dakika kumi? Ningekuua! Ningemwambia nini Elna?"

Thure alikuwa ameketi kwenye sanduku la misumari, kitambaa kwenye jicho. Alimwonyesha ngazi kwa kidole.

Wendell akapanda. Walimwona akigusa boriti, kisha akiingiza vidole, kisha mkono mzima hadi kifundo. Akachomoa konzi ya uozo mwekundu, akaitazama. Kupitia ufa aliona upande wa chini wa mbao nyeupe alizopita mara saba.

Alishuka polepole. Hasira ilikuwa imemtoka yote.

"Umeniokoa," alisema. Akapiga magoti mbele ya mzee, akamshika mabega. "Baba, mimi nakutukana na wewe umeniokoa. Uligundua saa ngapi?"

Amos alitazama pembeni. Thure angeweza kusema: leo, mzunguko wa mia na thelathini na nane. Amos asingempinga, na Stockdale hangejitia kitanzi. Lakini hata uongo unahitaji nguvu, na yeye zilikuwa zimemwishia.

"Alhamisi," alisema.

Wendell hakuelewa mara moja. Akahesabu siku usoni, mtu angeweza kumwona akizihesabu. Mikono yake ikaacha mabega ya mkwewe.

"Alhamisi jioni ulikula kwetu," alisema. "Elna alikupakulia mara mbili. Niliketi mbele yako."

"Ndiyo," alisema Thure.