Na Kulwa Yuko Wapi?

Padri alipolisoma jina la Kulwa kwenye orodha ya marehemu wanaoombewa Novemba, niliitikia na wenzangu, "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Pacha wangu alikuwa hai, Ujiji, kando ya ziwa. Jirani yangu Flavia ndiye aliyemwandikisha, kwa wema wake, maana kwa miaka minane nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba Kulwa alikufa.

Hebu niambie, ningesemaje? Ukiitwa Doto huku kwetu Unyamwezini, hununui hata chumvi bila kuulizwa, "Na Kulwa yuko wapi?" Ningewaeleza kwamba mama alikata roho akimwita yeye, ilhali niliyemuuguza ni mimi? Kwamba Kulwa alipiga simu kutoka njiani, basi limekwama kwenye tope, ningojeeni siku moja tu? Nikasema, "Zikeni. Maiti haingoji basi." Alifika kwetu Ntalikwa, nje ya Tabora, akakuta kaburi limeshafukiwa. Hakunitukana. Alipiga magoti, akaondoka bila kunywa hata maji. "Alikufa" lilikuwa jibu fupi.

Kulipokucha nilipanda pikipiki yangu, hii ninayozungukia mashamba ya watu kama bibi shamba, nikashika njia ya Urambo. Babu zetu wapagazi waliikanyaga njia hii hadi Ujiji, pembe za ndovu mabegani. Wao walikuwa na vituo vya kutua mzigo. Mimi kila niliposimama, miguu iliniwasha kuondoka. Chai niliagiza mara mbili, mara zote nikaiacha nusu. Na kama atanifungia mlango? Haki yake.

Kaliua, tairi likatoboka. Fundi mmoja mcheshi, Mabruki, akaziba pancha huku akinichokoza.

"Peke yako mpaka Ujiji, mama? Shemeji kakukosea nini?"

"Ziba tairi, ndoa yangu niachie."

"Haya, yaishe. Jina lako nani?"

"Doto."

"Ala! Na Kulwa yuko wapi?"

Nikafungua kinywa nimuue tena. Nikashindwa. "Ndiye ninayemfuata," nikasema, na machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya mafundi.

Mabruki akaacha utani. "Anajua kwamba unakuja?"

"Hajui."

"Basi wahi, mama, kabla hujaghairi."

Nililala Uvinza, kama kujigeuzageuza kitandani ndiko kulala. Kesho yake mchana nikaingia Ujiji. Karibu na ufuko, mwanamke mmoja alikuwa akianua dagaa. Nikavua kofia ngumu nimuulize njia.

"Mama Levina!" akacheka. "Pikipiki umejifunza lini?"

"Mimi si Mama Levina. Mimi ni Doto, pacha wake."

Ungo ukamponyoka, dagaa wakamwagika mchangani. "Doto? Doto si alikufa! Mwaka wa nane huu! Mimi mwenyewe nilimpa pole dada yake!"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kumbe na yeye walikuwa wakimuuliza kila siku.

Kelele zile zikamtoa Kulwa kwenye nyumba ya pili, mikono imejaa unga. Mvi zake zilikuwa palepale zilipo zangu.

"Uliniua lini?" nikamuuliza.

"Nilipotoka kaburini kwa mama." Hakusogea. "Na mimi?"

"Siku hiyohiyo. Nilikukosea, Kulwa. Ilikuwa siku moja tu, nami nikakunyima."

Akajikung'uta unga mikononi. "Nina ugali jikoni," akasema.

"Kamalize kazi zako. Safari hii nitangoja mimi."

Akaingia ndani. Nikakaa kizingitini, vumbi la safari nzima mwilini, na kwa mara ya kwanza tangu Tabora miguu yangu ikatulia. Mlango hakuufunga. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa Kongo niliposikia maji yakimiminwa, kisha kikombe kikiwekwa mezani.

Nikatega sikio, nisikie cha pili.