Kunde Nyeusi ya Bondeni Mzenga

Arobaini ya mzee Mwinyimadi ilipokwisha, wanawe wanne walikaa barazani kupigia kura shamba lake la mpunga, kule bondeni Mzenga. Shamba lenyewe kipande tu, ukilikata mara nne hata kuku hashibi! Ulikuwa mwaka ule vita vya Hitla vilipokwisha, na Mwanahalima alilitaka kuliko wote. Mumewe kampa talaka, karudi nyumbani na mtoto mgongoni na sufuria moja. Kaka zake wana mikorosho yao. Yeye ana nini?

Mama yao, Biubwa, alikuwa ndani, yuko eda. Wakampa chungu atie kunde nne, nyeusi moja na nyeupe tatu, akifunike kitambaa. Atakayetoa nyeusi, shamba lake. Kunde ikishatoka hairudi.

"Wewe mwanamke utachomoa mwisho," alisema Shomari, kaka mkubwa. "Utaokota makombo."

Mwanahalima kichwani anapiga hesabu. Bahati yangu moja katika nne. Shomari akatia mkono: nyeupe! Sasa moja katika tatu. Husseini naye: nyeupe! Nusu kwa nusu, yarabi. Kibwana akapapasa, akapapasa, mpaka dada mtu akatamani kumng'ata. Akatoa. Nyeupe!

Basi tena! Nyeupe zote ziko nje. Hapo hakuna bahati, kuna nyeusi tu. Mwanahalima akapiga kigelegele hata kabla hajatia mkono, na nani angemlaumu?

Akatia mkono. Akazungusha vidole. Akakipindua chungu juu ya mkeka.

Kitupu.

"Lahaula!" Shomari aliruka. "Nani mchawi hapa?" Kibwana akaanza kukung'uta kanzu yake mwenyewe, utadhani kakamatwa.  Mwanahalima aliirudia hesabu upesi upesi, na hesabu ilikuwa sawasawa!

Pazia la mlango likasogezwa. Mama yao alisimama pale na nguo zake nyeupe za eda, kiganja wazi, kunde nyeusi katikati.

"Nilifumba macho nikachomoa wa kwanza," alisema. "Bonde lile nimelilima na baba yenu tangu hamjazaliwa. Haya, kunde mmehesabu vizuri. Watu je, mlihesabu wangapi?"

Mwanahalima alinyoosha vidole vinne, kisha taratibu akaongeza cha tano.