Upande wa Wamama

"Funika upande wa wageni peke yake," Johnstone alisema, akikwepa tope la Kiplombe lisiguse viatu vyake vilivyong'arishwa. "Huku nyuma wacha hivyo. Nani ataangalia?"

Selpha alikuwa amepiga magoti, drili mkononi. Deki lenyewe, yaani sakafu ya veranda, lilikuwa la chini, kimo cha hatua moja tu, limezunguka zahanati mpya mbele na nyuma. Lilijengwa kwa zile mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao, ambazo ndani zina matundu. Ukizikata, ncha zinabaki wazi, na makali yake ni kama ya mkebe uliofunguliwa kwa kisu. Ndiyo maana kuna fesha, ubao mwembamba wa kufunika kingo. Fundi akiacha fesha, hajamaliza kazi.

Na fesha zilikuja za kutosha! Selpha mwenyewe alizishusha kutoka kwa lori. Halafu jana pikapu ya Johnstone ikaja ikabeba nusu, ati zinaenda ofisini. Ofisi gani hiyo iko na veranda? Kila mtu pale saiti alijua Johnstone, mkubwa wa mradi, anajenga nyumba Kaptagat. Na kila mtu alinyamaza, Selpha akiwemo. Johnstone alikuwa amemwahidi kazi ya kujenga shule, ya kumshikilia hadi Krismasi, na fundi mwanamke hapa Eldoret haitwi kila siku.

"Lakini huku nyuma ndiko wamama wanapandia," alijaribu. "Foleni ya kliniki inaanzia huku."

"Na kamera itakuwa wapi? Selpha, usinichokoze leo. Mheshimiwa ako njiani kuja kufungua zahanati."

Akaenda kugombana na watu wa tenti.

Selpha akamalizia upande wa mbele. Alikata pembe kwa mshazari zikutane vizuri, akaacha nafasi kidogo kwa sababu mbao hizi hufura na jua, akapiga msasa. Ilitoka safi kabisa, na usafi huo ukamkera.

"Uuuwi!"

Ilitoka nyuma. Waiyego, mama wa mtaa huo, alikuwa amepanda na mtoto mgongoni. Ndara yake ilikuwa imechanika na mguu ulikuwa unatoka damu.

"Nani ameweka wembe hapa? Mtoto amechemka tangu jana, naambiwa ningoje sherehe iishe, na sasa nakatwa!"

Selpha akakimbia na kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mguu.

"Ni wewe umejenga hii kitu?" Waiyego akamuuliza.

"Ni mimi, mama."

"Na hukuona hapa?"

Angesema nini? Angemtaja Johnstone, pikapu, Kaptagat. Mguu bado ungekuwa unatoka damu.

"Niliona," akasema.

Waiyego akainama kukaza kitambaa mguuni. Hakumtukana, na hilo ndilo lilimuuma Selpha zaidi. Selpha akarudi mbele, akageuza mzunguko wa drili, akaanza kufungua skurubu za fesha moja baada ya nyingine. Pande zote mbili zilikuwa na urefu sawa. Fesha ya wageni ikaingia upande wa wamama bila kukatwa hata kidogo.

Alikuwa anakaza skurubu ya mwisho Johnstone aliporudi.

"Umerogwa? Rudisha hiyo kitu saa hii!"

"Sirudishi. Kama unataka ya mbele, si unajua mahali ziko? Zilete."

Magari yalikuwa tayari yanapiga king'ora barabarani. Johnstone akakimbilia tenti, akarudi na kitambaa kirefu cha rangi za bendera, akakipigilia mbele mwenyewe, jasho likimtiririka. Matundu yote yakapotea.

Kumbe kitambaa kilikuwepo! Tangu asubuhi kilikuwepo, kimekunjwa juu ya kiti.

Mheshimiwa akakata utepe, akasifu ubora wa kazi, makofi yakapigwa. Hakuna aliyeangalia kingo, za mbele wala za nyuma.

"Kazi ya shule usahau," Johnstone akamnong'oneza Selpha, bado anapiga makofi. "Na hapa mjini nitakumaliza."

Selpha akakusanya vifaa vyake. Krismasi ilikuwa mbali sana.

Akipita nyuma alimkuta Waiyego ameketi ukingoni, mtoto mapajani, mlango wa kliniki bado umefungwa. Mama mwingine alikuwa amesimama hapo akiogopa kukaa.

"Kaa tu," Waiyego alimwambia, akipapasa fesha na kiganja. "Hapa hapakati tena."

Kule mbele Mheshimiwa alikuwa bado anahutubia kuhusu afya ya mama na mtoto.