Kamba ya Mgomba kwenye Gobore

Wewe uliyekaa hapo, nakutega: ninaye mzee hulishwa kwa mdomo, hushindiliwa kama mtoto anayekataa uji, na alichokula hakitoki mpaka akiteme kwa mdomo huohuo. Hata akikaa nacho mwaka mzima hakimchachii tumboni. Nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Nkwenda? Haya, nimekwenda Nkwenda siku ya gulio, nimekula senene mpaka nikasahau kwetu, nimerudi. Mzee huyo ni gobore.

Adelgunda wa Rugu alikuwa bingwa wa vitendawili kijiji kizima, lakini hicho hakukitega hata siku moja. Gobore lilikaa juu ya mlango wa nyumba yake miaka mingi, na ndilo lililomuua Jovitus, mtoto wake wa pekee.

Jumapili moja, baada ya misa, alikuwa amekaa uani akishona kifungo cha suruali ya kaki. Suruali ilikuwa ya Noela, binti wa Jovitus, aliyefiwa na baba akiwa na mwaka mmoja tu. Mama yake Noela alikuwa amekufa kwa uzazi, kwa hiyo Adelgunda ndiye aliyemlea. Sasa binti ana miaka ishirini na mmoja, na kijiji kimemchagua awe askari wa wanyamapori, maana tembo wametuzoea mno, wanaingia kibanjani, kwenye migomba yetu, kama wakwe. Kesho alfajiri alikuwa anaondoka kwenda kambini, upande wa Kyerwa, siku kumi za kufundishwa bunduki tangu mwanzo: kuishika, kuikagua, kuiweka chini bila kumdhuru mtu.

"Mke mwenza," Adelgunda alimwita, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, "simama nikupime. Suruali hii walimshonea mtu mwenye makalio."

"Makalio ninayo, bibi. Yamejificha."

"Yanamwogopa nani? Mume wetu angekuwa hai, angekurudisha kwenu kesho."

Mume wetu ni Byabato, babu yake Noela, aliyezikwa pale nyuma ya mibuni miaka minne iliyopita. Siku nyingine Noela angejibu kwamba mume huyo hata bure hamtaki. Siku hiyo alikuwa ameinamia karatasi aliyoletewa na Nolasco, mwenyekiti wa kitongoji.

Nolasco alikuwa ameipitisha asubuhi, akasimama na baiskeli yake njiani akipiga kelele: "Noela! Wakikupa bunduki usije ukaniwinda kwa ajili ya mbuzi wangu! Maharage yenu aliyala kwa bahati mbaya!"

"Mara tatu, mwenyekiti?"

"Bahati ilikuwa mbaya sana!"

Wakacheka. Lakini karatasi yenyewe haikuwa na mzaha. Mkufunzi alitaka kila mwanafunzi aandike ajali moja ya silaha anayoijua, aliyekosea ni nani na alikosea wapi, kisha aisome mbele ya wenzake siku ya kwanza.

"Nimemaliza," Noela alisema. "Sikiliza, uniambie kama kuna kilichopungua. 'Babu yangu, Byabato wa Rugu, aliacha gobore limeshindiliwa bila alama. Siku ya pili alilishusha alipake mafuta, akavuta kifyatulio, likamuua baba yangu aliyekuwa anaingia mlangoni. Kosa ni uzembe wa babu.'"

Sindano ikamchoma Adelgunda kidole. Hakukitoa.

Inafaa ujue habari ya alama hiyo. Gobore ukishalishindilia baruti na vyuma, kuvitoa tena tumboni ni kazi. Wengi hungoja mnyama ajilete, na mnyama asipokuja, bunduki hulala na shibe yake. Ndiyo maana Byabato aliweka sharti nyumbani: atakayeshindilia, afunge kamba ya mgomba mkavu kwenye kifyatulio. Ukiiona kamba, usiguse. Usipoiona, hicho ni chuma tu, kama jembe.

Na hili hakulijua mtu kijijini, lakini Adelgunda alilijua kila alipoamka: siku ile Byabato hakushindilia kitu. Alikuwa Nkwenda, amepeleka kahawa. Ngedere waliingia kwenye mahindi, Adelgunda akalishusha gobore akalishindilia mwenyewe, kama mumewe alivyomfundisha. Ngedere wakakimbia kabla hajalenga. Akafunga kamba, akalirudisha juu ya mlango. Kesho yake Byabato alikuwa anatazamiwa. Adelgunda akamenya ndizi, akazifunika kwa majani ya mgomba, maji yakachemka, akatafuta kamba ya kufungia kifurushi. Ya karibu ilikuwa juu ya mlango. Akanyoosha mkono. Nitairudisha, akasema moyoni. Moshi ukamwingia machoni, ndizi zikataka kugeuzwa, akasahau. Byabato akafika, hakuona kamba, akalishusha alipake mafuta.

Byabato ndiye aliyewaambia polisi kwamba alishindilia yeye na akasahau. Akafungwa, akarudi amekonda. Tangu hapo, watu wakikaa kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kilimruka kikaenda kwa anayefuata. Msibani alikaa peke yake kwenye mashina ya migomba. Adelgunda alimpikia, akamfulia, akamtazama akizeeka na jina la mwuaji wa mwanawe. Kila siku alisema nitasema kesho, na kesho zikawa miaka kumi na sita, mpaka siku ya kumtupia udongo.

Na sasa jina hilo linakwenda kusomwa mbele ya watu wa Karagwe na Kyerwa, na mtoto aliyemlea mwenyewe.

"Futa," alisema.

"Nifute nini?"

"Jina la mume wangu."

"Bibi, wanataka ukweli. Najua unamwonea huruma, lakini mtu mzembe..."

"Usimwite hivyo!" Suruali ilianguka. "Niliyeshindilia ni mimi, Noela. Babu yako alikuwa Nkwenda. Kamba niliifunga mimi, nikaifungua mimi. Nilifungia ndizi. Ndizi za mchana, mwanangu! Nazo hazikuliwa, ziliungulia jikoni watu wakilia."

Aliyasema yote, na mkono aliunyoosha juu kama vile mlango ungali mbele yake. Noela alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Babu alijua kwamba ni wewe?"

Adelgunda akageuza macho kuelekea mibuni, kwenye kaburi.

Noela akaondoka. Alipita katikati ya mibuni akakaa kaburini, na Adelgunda akamwona mgongo tu, ukitikisika. Akatamani kwenda. Atakwenda na uso gani? Akaiokota suruali, akamalizia kifungo, akakishona mara mbili, mara tatu, mpaka kitambaa kikajikunja. Akakunja sweta. Akafunga kahawa ya kutafuna kwenye jani kavu, ya kumtafunisha msafiri njiani. Akaona amemaliza kila kitu, na hakuna tena cha kushika.

Jua lilikuwa bado juu Noela aliporudi. Hakukaa mkekani. Alikaa kizingitini, mbali kidogo, akaichukua karatasi, akaikata mistari yote, akageuza upande wa pili.

"Alipokuwa anaumwa," alisema bila kuinua macho, "aliniomba maji. Akataka kunishika mkono. Nikamwambia niache, mkono huu ndio uliomuua baba. Mawe, mama wee! Nilimwambia hivyo, bibi. Akasema, 'Ndiyo, mwanangu,' akageukia ukutani."

"Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisikia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kuku walipita kati yao wakidonoa makapi ya maharage. Noela akajifuta uso kwa kiganja, akaiweka kalamu juu ya karatasi tupu.

"Nitaandika ulivyofanya wewe. Sitapunguza."

"Usipunguze."

"Lakini kwanza unijibu. Nimekuuliza mara moja, nakuuliza tena. Babu alijua?"

Adelgunda akaipakata suruali ya kaki mapajani, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Alijua," alisema. "Watu walikuwa bado wanapanda kilima, wanakimbilia yowe. Alikuchukua akakupachika mgongoni kwangu, akafunga kanga mwenyewe, damu ya baba yako mikononi. Akasema, 'Mama Jovitus, huyu hana mama, na mimi kulea sitaweza. Wewe nyamaza.'"